Kutoa notisi kwa meneja mgumu: barua itangulie, maneno yafuate

Mara ya kwanza kuacha kazi nilifanya kosa dogo lililonigharimu karibu mwezi mzima. Nilimfuata meneja wangu Ijumaa jioni, watu wameshaanza kuondoka, nikamwambia kwa mdomo kwamba nimepata kazi nyingine na nitaondoka baada ya siku thelathini. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Tutaongea." Hatukuongea. Wiki tatu baadaye nilipomuuliza nimkabidhi nani mafaili, alinitazama kama mtu anayeisikia habari ile siku hiyo hiyo. "Notisi gani? Mimi sina barua yako." Na kweli hakuwa nayo. Nikaandika barua palepale, hesabu ikaanza upya, na mwajiri mpya akakubali kunisubiri kwa shingo upande.

Meneja muungwana unaweza kumwendea na maneno matupu, akakusaidia hata kuiandika barua yenyewe. Kwa meneja mgumu, yaani yule anayefoka, anayenuna, anayetishia au anayekubali leo na kukana kesho, kila kitu kinategemea mpangilio: kipi kinatangulia, kipi kinafuata, na nani mwingine anajua. Nieleze hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Soma mkataba wako kabla hujamwambia mtu yeyote

Usiutegemee ule unaoukumbuka kichwani. Utoe, uusome tena, hasa kifungu cha notisi. Tafuta majibu ya maswali haya: notisi ni ya siku ngapi? Ni siku za kalenda au siku za kazi? Inaanza kuhesabiwa siku barua inapopokelewa, au mwanzo wa mwezi unaofuata?

Tofauti hizo si ndogo. Chukua barua iliyopokelewa tarehe 3 Juni. Kama mkataba unasema siku 30 za kalenda tangu kupokelewa, unaanza kuhesabu tarehe 4 Juni na siku yako ya mwisho ni 3 Julai. Kama mkataba unasema mwezi mmoja kamili wa kalenda, barua hiyo hiyo inaweza kukubakiza hadi 31 Julai, ilhali ungeifikisha 31 Mei ungekuwa huru 30 Juni. Siku tatu za kuchelewa zimekula mwezi. Meneja mgumu akiona mwanya kama huo atautumia, kwa hiyo uuone wewe kwanza.

Angalia pia kama kuna kifungu cha kulipa badala ya notisi, kama uligharamiwa mafunzo kwa masharti ya kubaki kwa muda fulani, na kama una mkopo wa mwajiri. Deni la namna hiyo likigunduliwa siku ya mwisho hukatwa kwenye mshahara wako kabla hujajipanga. Wenye mkataba wa muda maalumu, kwa mfano miaka miwili, wawe waangalifu zaidi, kwa sababu baadhi ya mikataba hiyo haina kabisa kifungu cha kuondoka katikati. Hapo pata ushauri wa chama cha wafanyakazi, ofisa wa kazi au mwanasheria kabla ya kuandika chochote.

Kama una kazi mpya, subiri barua ya ajira iliyosainiwa iwe mkononi. Simu ya "umepita, tunakusubiri" haitoshi. Nimeona watu wakitoa notisi kwa furaha ya simu, kisha nafasi ile ikafutwa, na meneja waliyemkimbia ndiye wakalazimika kumrudia.

Hatua ya 2: Kusanya vilivyo vyako mapema

Mahali pengine, saa ileile unayotoa notisi barua pepe yako ya kazini hufungwa na kompyuta huchukuliwa. Kwa hiyo kabla ya siku hiyo hakikisha una nakala za mkataba, hati za malipo ya mshahara, rekodi ya siku zako za likizo, tathmini zako za utendaji na barua za kupandishwa cheo au kupongezwa. Andika pembeni namba za simu za wenzako ambao ungependa kubaki nao.

Chukua vilivyo vyako tu. Orodha ya wateja, bei za ndani, nyaraka za miradi, hivyo ni mali ya mwajiri hata kama umeviandaa kwa mkono wako. Kujitumia mafaili ya ofisi kwenye barua pepe binafsi wiki moja kabla ya notisi ni kumpa meneja fimbo ya kukuchapia, na safari hii atakuwa na haki.

Hatua ya 3: Andika barua, na uangalie neno "naomba"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu adabu yetu ya lugha inatuponza. Tumezoea kuandika "YAH: MAOMBI YA KUACHA KAZI", kisha "husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha "naomba kuacha kazi kuanzia tarehe tajwa". Tunaandika hivyo kwa heshima, wala hatudhani tunaomba ruhusa. Lakini anayeomba anaweza kunyimwa. Meneja mgumu ataisoma barua hiyo kama ilivyoandikwa na atakujibu, "Ombi lako nimelikataa." Nimeshuhudia dada mmoja, mhasibu, akikaa miezi miwili zaidi ya notisi yake akisubiri "jibu la maombi" ambalo halikuwa likihitajika.

Katika nchi nyingi, kuacha kazi kwa kufuata notisi ya mkataba ni uamuzi wa upande mmoja. Mwajiri anaupokea na hana kura ya kuupinga. Basi barua yako iseme hivyo, kwa adabu na bila kuyumba:

Tarehe: 3 Juni
Kwa: Meneja wa Idara
Nakala: Ofisi ya Rasilimali Watu

YAH: TAARIFA YA KUACHA KAZI

Natoa taarifa kwamba ninaacha kazi katika nafasi yangu ya ofisa manunuzi. Kwa mujibu wa mkataba wangu wa ajira, notisi ya siku 30 inaanza kuhesabiwa tarehe 4 Juni, na siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe 3 Julai.

Katika kipindi hicho nitakamilisha kazi nilizonazo na kuzikabidhi kwa mtu utakayemteua. Naomba nipatiwe hesabu ya siku zangu za likizo ambazo sijazitumia.

Nashukuru kwa nafasi niliyopewa.

Jina, sahihi.

Neno "naomba" limo, ila limekaa kwenye likizo. Kuondoka kumetolewa taarifa.

Utaona pia kwamba barua haina sababu. Najua inauma kuandika "nashukuru" kwa mtu aliyekutukana mbele ya wenzako, na najua ukurasa wa pili wa malalamiko umeshauandika kichwani mara kumi. Uache huko. Barua hii itakaa kwenye faili lako kwa miaka, itasomwa na watu wasiokujua, na kila sababu utakayoiandika ni mlango wa mabishano: ukisema mshahara ni mdogo, atasema aliahidi kuongeza, ukisema unanyanyaswa, atadai ushahidi ndani ya barua isiyo mahali pake. Kama una malalamiko ya kweli ya unyanyasaji, yaandikie barua nyingine, yenye tarehe na matukio, na uipeleke kwa anayepaswa kuyashughulikia.

Chapisha nakala mbili. Moja yake, moja yako.

Hatua ya 4: Mazungumzo yenyewe

Mwombe dakika kumi, faraghani, mapema siku ya kazi. Asubuhi ni bora kuliko jioni kwa sababu ofisi ya rasilimali watu bado iko wazi, na mtu akigoma kupokea barua una saa za kutosha kuchukua hatua inayofuata. Usimvizie kwenye korido wala usimtangulizie habari kupitia rafiki yake. Meneja akisikia kwa wengine kwamba unaondoka, hata yule mpole hukasirika, na wenzako usiwaambie hadi yeye ajue.

Andaa sentensi moja na uizoee mdomoni: "Bosi, nimeamua kuacha kazi. Barua yangu hii hapa. Siku yangu ya mwisho ni tarehe 3 Julai, na hadi hapo nitakabidhi kila kitu vizuri." Mpe barua. Kisha nyamaza. Kimya hicho ni kigumu, lakini ukikijaza kwa maelezo utajikuta unajitetea kwa jambo lisilohitaji utetezi.

Baada ya hapo itategemea ni mgumu wa aina gani.

Mfokaji atapandisha sauti: baada ya yote niliyokufanyia, huna shukrani, wewe si wa kwanza kuondoka. Asikuvute. Hasira ya namna hiyo hutafuta hasira mwenzake, isipoipata huishiwa pumzi. Mwache amalize, kisha rudia: "Nimekuelewa, bosi. Uamuzi wangu ni huo, na tarehe ni 3 Julai." Akianza kutukana, simama na useme, "Naona tuendelee baadaye. Barua nimekuachia." Utoke bila kupiga mlango.

Mtishaji atasema hutapata kazi popote, atawapigia simu, mshahara wako wa mwisho usahau. Usimbishie, wala usimwombe. Ukitoka tu, kaa chini uandike alichosema kwa maneno yake, tarehe na saa. Vitisho vingi huyeyuka baada ya siku mbili. Kisichoyeyuka kitakukuta una kumbukumbu.

Mbembelezaji ndiye ninayemwogopa kuliko wote, kwa sababu anakukuta umejiandaa kwa vita na anakuja na asali. Ghafla wewe ni mtu muhimu sana. Kuna nyongeza ya mshahara njiani, kuna cheo, subiri tu robo mwaka. Jiulize: hivyo vyote vilikuwa wapi jana? Kama kweli ungependa kubaki, mwambie alete maandishi yenye kiasi, tarehe na sahihi ya mwenye mamlaka, na notisi yako iendelee kuhesabiwa hadi maandishi hayo yafike. Kwa uzoefu wangu hayafiki.

Mnunaji hatasema neno. Atapokea barua, ataiweka chini ya mafaili, ataendelea kutazama kompyuta. Huyu ndiye atakayekana baadaye, kwa hiyo hatua ya 5 imeandikwa kwa ajili yake.

Kuhusu swali la "unakwenda wapi?", hulazimiki kulijibu. "Bado kuna mambo namalizia, nikikaa sawa nitakwambia" inatosha. Wapo mameneja waliowahi kunyanyua simu kumpigia mwajiri mpya.

Hatua ya 5: Pata ushahidi kwamba barua imefika, siku hiyo hiyo

Mwambie asaini nakala yako: amepokea, tarehe, sahihi. Kusaini kupokea si kukubali, na unaweza kumwambia hivyo. Akikataa, usigombane. Nenda moja kwa moja ofisi ya rasilimali watu au masijala, wapokee wao na wagonge muhuri. Kisha tuma barua pepe kwa meneja, nakala kwa rasilimali watu, barua ikiwa imeambatishwa: "Kama nilivyokueleza ofisini kwako leo saa tatu asubuhi, naambatisha taarifa yangu ya kuacha kazi." Jitumie nakala ya barua pepe hiyo kwenye anwani yako binafsi, hii moja ni halali yako. Mahali pasipo na rasilimali watu wala barua pepe, tuma kwa posta ya rejesta au mpe mbele ya shahidi, na upige picha barua ikiwa na tarehe.

Akikwambia, "Sijakubali uondoke," jibu kwa maandishi ya mstari mmoja: unaheshimu maoni yake, na notisi inaendelea kama ilivyoelezwa kwenye barua. Mstari mmoja, basi.

Hatua ya 6: Siku za notisi

Wiki hizi ndizo zinazoamua utakumbukwaje, na ndizo meneja mgumu anazozitumia kulipiza. Atakurundikia kazi, au atakunyang'anya zote ukae bure. Atakutoa kwenye vikao. Atatafuta kosa. Wewe fika kwa wakati, ondoka kwa wakati, fanya kinachofanyika. Ukipewa kazi za miezi mitatu zimalizwe kwa wiki mbili, mwandikie: "Katika siku zilizobaki naweza kumaliza hizi mbili. Nianze na ipi?" Amepewa uchaguzi, na maandishi yapo.

Anza hati ya makabidhiano siku ya kwanza ya notisi, hata kama bado hajamteua wa kumkabidhi. Andika kila kazi imefikia wapi, nani wa nje anahusika, tarehe gani ijayo ni muhimu, faili liko wapi. Kila Ijumaa mtumie ilipofikia. Akija kudai uliacha mambo ovyo, barua pepe zako nne zitajibu.

Inawezekana akakwambia, "Kama unaondoka, ondoka leo." Kabla hujabeba mkoba, omba iwe kwa maandishi: je, ameamua kukulipa siku za notisi zilizobaki na usizifanyie kazi? Ukiondoka kwa neno la mdomo, kesho unaweza kuandikwa mtoro. Asipoandika, andika wewe: "Leo umenielekeza niondoke kabla ya notisi kuisha. Niko tayari kuendelea na kazi hadi tarehe 3 Julai. Naomba maelekezo yako." Itume, ndipo uondoke.

Na usimseme. Wenzako watakuja mmoja mmoja kutaka uwamwagie yote. Yatamfikia kabla ya chakula cha mchana.

Hatua ya 7: Fedha na vyeti

Mkataba Na. 95 wa mwaka 1949 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), unaohusu ulinzi wa mishahara, unataka mishahara yote inayodaiwa ilipwe ajira inapokoma, kwa kufuata sheria za nchi au ndani ya muda unaofaa. Mkataba Na. 132 wa mwaka 1970 unasema anayeondoka akiwa ametimiza muda wa chini wa utumishi apewe likizo inayolingana na muda aliofanya kazi, au fidia yake. Mikataba hii inazibana nchi zilizoiridhia, na nchi nyingine zina masharti ya aina hiyo katika sheria zao wenyewe. Kwa hiyo mshahara wa siku ulizofanya kazi haugeuki kuwa zawadi ya meneja kwa sababu umemuudhi.

Wiki mbili kabla ya mwisho, iandikie rasilimali watu uombe hesabu kamili: mshahara hadi siku ya mwisho, likizo, saa za ziada, marejesho ya fedha ulizotumia kwa kazi, michango ya hifadhi ya jamii, na makato yote. Omba na hati ya utumishi inayotaja cheo chako na tarehe za kuanza na kumaliza. Barua ya kukusifu usiitegemee kwake; mtafute kiongozi mwingine aliyeiona kazi yako, umwombe yeye awe mdhamini wako.

Ukiletewa karatasi yenye maneno "nimelipwa stahiki zangu zote na sina dai lolote", isome ukiwa umekaa. Kama fedha haijaingia, usisaini. Kama wanasisitiza, andika kwa mkono juu ya sahihi yako kile ambacho bado hujalipwa.

Pale ambapo notisi haitoshi

Kuna ugumu wa tabia, na kuna hatari. Kama unapigwa, unashikwashikwa, au mshahara umezuiwa miezi kadhaa, sheria za nchi nyingi zinatambua kwamba mwajiri ndiye aliyeuvunja mkataba, na huenda hulazimiki kumaliza siku za notisi. Pata ushauri kwanza ukiweza, kwa sababu namna ya kuondoka inaathiri madai yako. Lakini usalama wako hausubiri ushauri.

Na kama ameshikilia pasipoti au kitambulisho chako ili usiondoke, hiyo imevuka mipaka ya meneja mgumu. Kuzuiwa kwa hati za utambulisho ni mojawapo ya viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa vilivyotolewa na ILO, na kuzuiwa kwa mshahara ni kingine. Hapo usitoe notisi ukiwa peke yako naye. Wasiliana na mamlaka ya kazi, polisi, chama cha wafanyakazi, au ubalozi wako kama uko nchi ya watu, na mtu mmoja unayemwamini ajue uko wapi.

Siku ya mwisho

Rudisha kompyuta, simu, funguo na kitambulisho kwa orodha inayosainiwa na anayepokea, si kwa kuviacha mezani. Futa mambo yako binafsi kwenye vifaa, usiguse ya kazi. Mwage meneja kwa sentensi moja na mkono kama atautoa.

Baada ya hapo anaweza kukupigia simu kuuliza faili fulani liko wapi. Swali la dakika mbili mjibu kwa wema. Likiwa la tatu ndani ya wiki, mwelekeze kwenye hati ya makabidhiano, umtajie na ukurasa, kisha urudi kwenye kazi yako mpya.